Nusu Mililita

Saa kumi na moja, muadhini hajasafisha koo,
nalifunua gazeti la jana na kusoma.
Sisomi habari. Nasoma madoa.
Hili kubwa, la manjano, kando ya bei ya unga: zuri.
Hili lenye ukungu mweupe kama chokaa: tutaona.
Na jekundu, dogo kama punje ya komamanga,
ndilo lililonipeleka Tudor juzi
na kikapu cha sokoni kifuani,
ndani yake Kashata, simbilisi wa mwanangu,
apiga mluzi kila tuktuk ikiruka shimo.

Dakta Mwakio alimlaza chali kiganjani,
akambinya tumbo kwa vidole viwili
kama mtu ajaribuye papai asilotaka kununua.
"Kuna kijiwe. Kidogo.
Huenda kikatoka chenyewe. Huenda kikakwama.
Anakunywa maji gani?"

Maji gani! Sisi wa Kuze, daktari,
twanywa atupacho Mungu na mwenye mkokoteni.
Ya kisima ni chumvi, sabuni haitoi povu,
birika letu limeota gamba jeupe ndani
nene kama ukucha wa gumba.
Sikuwahi kufikiri kwamba na sisi
tu mabirika.

Basi sasa nyumbani kuna sheria.
Mchicha marufuku.
Hoho nyekundu, kipande. Dania, vishina viwili.
Nyasi, nyasi, nyasi,
aniletea Kadzo kutoka Kisauni kwa gunia,
acheka: "Dada, na huyo ng'ombe yuko wapi?"
Maji ya chupa, ya dukani,
kwa mnyama asiyetimia kilo.
Na dawa ya pinki, asubuhi na jioni,
nusu mililita, siku kumi na nne.

Kumpa simbilisi dawa
ni mieleka na kitu kisicho na shingo.
Namviringa taulo, kichwa tu nje,
kama mtoto wa siku saba.
Sirinji isiyo sindano, ubavuni mwa mdomo,
nyuma ya meno, polepole:
tone. Atafuna hewa. Tone.
Siku ya kwanza pinki yote iliishia kifuani pangu.
Siku ya tatu alinikojolea pajani,
vuguvugu, ukapenya leso mpaka kwenye ngozi,
nami badala ya kuruka, badala ya kusema najisi,
nikasema alhamdulillahi,
ndipo nikaenda kuoga.

Nuswaiba apiga simu Jumapili kutoka bweni,
dakika tatu, wenzake wakimsukuma.
Haulizi hali yangu. Haulizi karo.
"Kashata amekojoa?"

Na babangu, aliyesema siku ile
"panya gani huyu, hana hata mkia wa kumshikia,"
sasa ajikokota hadi ukumbini kila alfajiri,
miwani pajini, asimama juu ya gazeti langu.
"Mekojoa?"
"Amekojoa, baba."
"Wa rangi gani?"
"Chai ya rangi iliyozidi maji."
"Na hakulia?"
"Alilia kidogo, mwanzo."
Anyamaza.
"Mwanzo ndiko," asema. "Mwanzo ndiko kwenye kazi."

Kisha aingia chooni, afungua bomba,
na maji ya tangi, maji ya kununua, yamwagika,
yamwagika, na chini ya sauti yake
hamna sauti nyingine.
Nahesabu. Thamanini. Mia.
Mlango haufunguki.
Vidonge vyake vi kabatini tangu Rajabu,
pakiti haijatobolewa hata shimo moja.
"Sina ugonjwa," aliniambia. "Nina umri."

Leo sikusema neno.
Nimeweka trei moja mezani:
sirinji, kipande cha hoho,
kisahani na kidonge kimoja cheupe,
bilauri ya maji ya chupa.
Akatoka, mikono yachuruzika.
Akaitazama trei. Akanitazama.
"Anza na yeye," akasema,
akaketi,
akalitandaza taulo mapajani mwake.